Chai Niliyompikia Limi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi, machimbo ya Mwanhale, Shinyanga
Tarehe: 11/03/2025
Muda wa kuanza: Saa 3:10 asubuhi
Jina: Anisia binti Otmar Lusasi
Umri: Miaka 56
Kabila: Msumbwa
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Mama lishe
Makazi: Kitongoji cha Karashani, machimbo ya Mwanhale. Kwetu ni Ushirombo, Bukombe.

Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Ninayoyasema yanamhusu mkwe wangu Limi binti Maganga, mke wa mwanangu Frank, ambaye yuko mahabusu ya kituo hiki tangu jana. Aliyemleta ni Frank mwenyewe. Anadai Limi alimuua mtoto wao kwa kutumia mirungi ili mimba itoke. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wangu, aliishi siku tatu. Naomba iandikwe kama nitakavyosema, maana najua jambo ambalo Limi hatalisema hata mkimweka hapa mwezi mzima.

Nimeishi hapa machimboni tangu mwaka 2016, baada ya mume wangu kufariki. Nina banda la chakula, hatua kama thelathini kutoka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Napika chai, maandazi, ugali, wali na maharage, na nyama siku nikiipata. Wanaokula kwangu ni wachimbaji wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na wanawake wanaogonga mawe kwa nyundo pale mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Limi alikuwa akigonga mawe.

Mirungi inaingia hapa machimboni. Koplo Onesmo, anayeandika maelezo haya, ameniuliza mara mbili anayeileta ni nani, na mara mbili nimemjibu kwamba simjui. Mimi naiona ikiwa tayari mikononi mwa watu, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Wachimbaji wanaitafuna kabla ya kushuka. Wanasema inaondoa usingizi na inaondoa woga wa shimo. Mimi niliwatambua watafunaji kwa sahani zao, kwa sababu mtu aliyetafuna hali. Kuna mmoja anaitwa Pantaleo, mtu wa Kishapu, anakula kwangu kila siku. Akishatafuna, wali unabaki nusu sahani. Nilikuwa namuuliza, "Pantaleo, wali wangu umekukosea nini?" Ananijibu, "Mama Frank, wali hauna kosa. Tumbo ndilo limefunga ofisi." Nami namwambia, "Haya, siku likifungua utakuta sufuria nayo imefunga." Watu wanacheka. Niliona hivyo karibu kila siku kwa miaka mingi, kwamba jani lile linafunga tumbo, na sikulifikiria zaidi ya pale.

Wachimbaji wanatafuna ncha laini tu. Majani magumu na vijiti wanaviacha mezani kwangu, nami nilikuwa navifagia. Mwaka 2023, mwezi wa sita, mwanamke mmoja wa mwaloni anayeitwa Mariana aliyaokota yale majani akaniambia, "Mama Frank unatupa mali hii? Chemsha na tangawizi, weka sukari nyingi, uone." Nikachemsha. Chai ilikuwa na ukakasi, rangi yake kama ya majani ya chai yaliyokaa sana. Wanawake wakanywa kabla ya kwenda mwaloni. Mchana wakarudi wakisema mabega hayaumi. Kesho yake wakaja wenyewe wakaulizia. Tangu siku hiyo nimekuwa na sufuria mbili za chai, ya kawaida na ya majani.

Hapa Koplo Onesmo ameacha kuandika. Ameniuliza kama najua ninachokisema. Amenieleza kuwa mirungi ni kosa kisheria hata kuwa nayo, na kwamba nikiendelea naweza kuacha kuwa shahidi nikawa mtuhumiwa, na silazimiki kusema lolote. Nimemwambia namshukuru kwa kunieleza, na aendelee kuandika.

Nataka ieleweke nilivyokuwa nikiwaza, kwa sababu nimelitafakari sana jambo hili. Nilijua mirungi imekatazwa. Lakini nilidhani kinachokatazwa ni kule kutafuna, na kwamba ubaya wa jani upo likiwa bichi. Kwetu kitu kibaya kinamalizwa kwa moto. Maji ya bwawani yana vidudu, tunayachemsha, tunakunywa. Nyama tunayoitilia shaka tunaichemsha mpaka iive vizuri. Muhogo mchungu haudhuru ukiandaliwa ipasavyo. Nikajiambia kwamba jani lililochemka ni kama mchaichai. Mimi mwenyewe sijawahi kutafuna mirungi hata siku moja.

Mnamo tarehe 02/09/2024, siku ya Jumatatu, majira ya saa 1 asubuhi, Limi alikuja bandani kabla ya kwenda mwaloni. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Akatapika nyuma ya banda, akarudi akaketi kwenye kigoda changu cha kukunia nazi, ambacho hakipendi kwa sababu kinamchana nguo. Ndipo nikajua. Nikamuuliza, "Umeshaona siku zako?" Akatikisa kichwa. Nikafurahi, sikuficha. Nikamwambia asiende kazini. Akasema asipokwenda, sehemu yake mwaloni itachukuliwa na mtu mwingine, na hiyo ni kweli. Basi nikamwekea kikombe cha chai ya majani. Akanywa, akasubiri kidogo, akasema, "Mayu, hii inanikaa." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo anavyoniita. Hakutapika tena siku hiyo. Aligonga mawe mpaka saa 9 alasiri.

Kuanzia siku hiyo alikunywa kila asubuhi. Mwezi wa kumi Frank alikwenda Nyarugusu, huko Geita, kwa sababu ilisikika dhahabu imetoka, na Limi akahamia chumbani kwangu. Vikombe vikawa viwili, na kufika Krismasi vikawa vinne kwa siku. Akikosa kikombe cha mchana, alikuwa anaumwa kichwa na kulegea, na mimi nilimharakishia. Kwa ajili ya siku ya Jumapili, ambayo sifungui banda kwa sababu ya misa, nilimfungia majani makavu kwenye nailoni ya bluu ili ajichemshie. Nailoni ile ndiyo Frank aliyoileta hapa kituoni kama kielelezo. Fundo lake nililifunga mimi. Mkiliangalia mtaona nimefunga kwa uzi wa gunia, na uzi uliobaki upo bandani kwangu.

Tumbo la Limi lilikuwa dogo. Nilikuwa nalipima kwa kitenge chake cha njano. Akijifunga, ncha mbili zilizobaki baada ya fundo zilikuwa ndefu, na mwezi wa kwanza mwaka huu bado zilikuwa zinaning'inia karibu na magoti. Wanawake wa mwaloni walimtania, "Limi, hiyo ni mimba au umekula maharage ya mkweo?" Limi alicheka. Mimi nilifurahi kwa jambo hilo, na ni lazima niseme sababu. Mama yangu mzazi alikuwa akisema mtoto anenepee mikononi, asinenepee tumboni. Frank alizaliwa mkubwa, nikakaa siku mbili kwenye uchungu na nusura nife. Nilipoona tumbo dogo nilimshukuru Mungu kwamba Limi atajifungua kirahisi. Alikuwa hali vizuri pia. Kijiko kimoja, viwili, anasukuma sahani. Nilidhani ni mimba. Sahani ile ilikuwa sawasawa na sahani ya Pantaleo, iko mezani kwangu, nami naiosha.

Mnamo tarehe 14/01/2025, siku ya Jumanne, nilimpeleka kliniki katika kituo cha afya. Aliyetupokea ni muuguzi anayeitwa Nelly, binti mdogo, mpole, ana mwanya. Alipima tumbo kwa futi ya kitambaa akarudia. Akasema, "Mama, tarehe zinasema mimba ina wiki ishirini na tano. Tumbo linasema ishirini na moja." Alishika mkono wa Limi akiangalia saa, akamuuliza kama ametoka kukimbia, kwa sababu moyo ulikuwa unakwenda mbio. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Akamuuliza kama anatumia pombe, sigara au mirungi. Limi aliangalia chini. Nikajibu mimi, "Hatafuni, sista. Hata mimi sitafuni." Niliamini nimesema kweli. Nelly akaandika kwenye kadi. Akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia ale, apumzike, arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Limi alisema anajisikia vizuri, chai inampa nguvu, na mimi sikumlazimisha.

Mnamo tarehe 01/03/2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa 5 asubuhi, Mariana alikuja mbio bandani akisema Limi ameshika tumbo na damu inatoka. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la mawe, nyundo bado iko mkononi. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yangu na dereva, tukaenda kituo cha afya. Njiani hakulia. Aliniambia tu, "Mayu, bado miezi miwili." Nikamwambia ninajua kuhesabu. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo.

Mtoto alizaliwa saa 9:20 alasiri, msichana, kilo moja na gramu mia mbili. Nelly alisema kwa wiki zake angetegemewa kuwa na kilo moja na gramu mia saba hivi. Alikuwa na nywele nyingi laini mabegani. Kucha zake zilikuwa kamili, na hilo ndilo lililonishangaza, kwamba mtu mdogo hivyo amekamilishwa mpaka kucha.

Kwetu kondo la nyuma wanazika wanawake wa ukoo, kwa hiyo niliomba nipewe. Nelly alikuwa bado analikagua kwenye beseni. Nilimuuliza kama naweza kuangalia. Nimezaa watoto wanne na sijawahi kuliangalia kwa makini. Akanisogezea taa. Lilikuwa dogo, kama chapati ya kwanza ambayo mpishi anajaribia kikaango, na lilikuwa na mabaka meupe magumu. Nikamuuliza mabaka ni nini. Akasema ni sehemu ambazo damu ilikuwa haifiki, zikafa. Upande mmoja palikuwa na damu nyeusi imeganda, akasema hapo ndipo lilipobanduka kabla ya wakati. Nikamuuliza kinachofanya damu isifike. Akasema ni mambo mengi, presha, malaria, sigara, na vitu vya kuchangamsha mwili kama mirungi. Akaniangalia. Mimi nikaliangalia beseni.

Usiku nilikaa na hilo swali. Mnamo tarehe 02/03/2025, siku ya Jumapili, majira ya saa 4 asubuhi, Nelly alikuja kumwangalia mtoto. Limi alikuwa amelala, mtoto alikuwa kifuani pangu chini ya kanga, ngozi kwa ngozi, walivyotufundisha. Mikono ya mtoto ilikuwa inatetemeka. Nilidhani ni baridi, lakini alikuwa wa moto kama mimi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na akisinzia anashtuka, kana kwamba kuna mtu anamwita. Nikamuuliza Nelly, "Sista, mtu akitafuna jani mdomoni, linamfikiaje mtoto aliye tumboni? Hakuna njia ya kutoka kwenye utumbo mpaka huko."

Nelly akavuta kiti akakaa. Akasema jani haliendi, ila nguvu yake inaingia kwenye damu ya mama, na sehemu ya nguvu ile inapita kwenye kondo na kitovu mpaka kwa mtoto. Akasema nguvu ile ndiyo inayokimbiza moyo wa mama, na inabana mishipa. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia machimboni kwetu mtu akiwa chini kabisa ya duara, juu kuna mashine inapuliza hewa, na hewa inashuka kwa mpira mrefu. Mtu akikanyaga mpira ule juu, aliye chini hafi papo hapo. Anapumua kidogo kidogo, kazi inapungua, hajui kilichotokea juu. Nikamuuliza, "Ni kama hivyo?" Nelly akasema, "Ni kama hivyo, mama. Na aliye chini hawezi kupiga kelele." Nikamuuliza tena kuhusu mikono kutetemeka. Akasema inawezekana mtoto amezoea kuchangamshwa kila siku tumboni, na sasa amekatiwa ghafla.

Ndipo nikamuuliza nilichokuwa nataka kumuuliza. "Na majani yakichemshwa?"

Akauliza, "Nani alikuwa anachemsha?" Nikasema, "Mimi." Akanishika goti, akasema, "Yakichemshwa nguvu inahamia kwenye maji, mama. Uchovu ulikuwa unaisha kwa sababu hiyo. Kama moto ungeiua, wasingerudi kuomba kikombe cha pili."

Nimerudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Ni maneno mepesi sana. Ningeweza kuyafikia mwenyewe nikiwa nasonga ugali.

Nilimuuliza mengine, na naomba haya nayo yaandikwe, kwa sababu ni upande wa Limi. Niliuliza kama ni chai yangu iliyomfanya mtoto awe vile. Nelly alisema hawezi kuniapia kuwa ni chai peke yake. Limi alikuwa na upungufu wa damu, hakula, aligonga mawe kutwa kwenye vumbi na jua. Akasema, "Ila chai ilikuwamo." Nikamwambia Mariana alikunywa chai hiyo hiyo mwaka juzi akiwa mjamzito na akazaa mvulana wa kilo tatu na nusu, huyo hapo anakimbia. Nelly akasema, "Mama, si kila anayeshuka kwenye shimo lisilo na miti ya kushikilia kuta anafukiwa. Lakini wewe utamshusha mwanao?" Nikauliza pia kama mtu anaweza kunywa chai ile kwa makusudi ili mimba itoke. Alisema anayetaka mimba itoke hanywi polepole kwa miezi sita huku akishona nguo za mtoto. Limi alikuwa ameshona vikofia vitatu. Vyote vilikuwa vikubwa, tukamvisha kimoja tukakikunja mara mbili.

Siku hiyo hiyo mchana, pumzi za mtoto zilipoanza kukatika na kurudi, nilimbatiza mwenyewe kwa maji ya kwenye kikombe, kama tulivyofundishwa katekisimu kwamba kwenye hatari mtu yeyote anaweza. Nilimwita Suzana. Limi alisema jina ni zuri.

Mnamo tarehe 04/03/2025, siku ya Jumanne, saa 2:05 asubuhi, Suzana alifariki kifuani pa mama yake. Tulikuwa tumeandikiwa rufaa na gari lilikuwa linatiwa mafuta. Tulimzika kesho yake, Jumatano ya Majivu. Katekista Ignas alikuja na majivu kwenye paji la uso kutoka kanisani, na jasho lilikuwa limeyashusha mpaka kwenye nyusi. Kaburi halikuchukua muda kuchimbwa. Wachimbaji walikuja wengi, Pantaleo naye alikuja, na walishindana kupokezana jembe kwa kazi ambayo mtu mmoja angeimaliza.

Frank alifika tarehe 06/03/2025, majira ya saa 10 jioni, akakuta tumeshazika. Hakumwona mtoto akiwa hai wala akiwa amekufa. Nilimwonyesha kikofia. Naomba msimwandike vibaya mwanangu. Alitaka mtu wa kumuuliza.

Mnamo tarehe 09/03/2025, siku ya Jumapili, majira ya saa 7 mchana, Frank alikuwa anatafuta kiberiti kwenye sanduku la Limi akaikuta ile nailoni. Alinusa, akaijua. Akamwambia Limi, "Ulimpa nini mwanangu?" Limi alikuwa anapepeta mchele. Akamwambia, "Karashani wanasema mnatumia hii kutoa mimba. Mimi niko shimoni Geita, wewe huku unamtoa mwanangu?" Limi akaendelea kupepeta. Frank akanigeukia mimi, "Mama, ulijua?"

Nilisema, "Mwache apumzike." Hilo halikuwa jibu. Nilikuwa najua jibu tangu Jumapili iliyotangulia, na nilikuwa na mdomo. Niliogopa macho ya mwanangu. Naliweka hili kwenye maelezo yangu kwa sababu ndilo lililomleta Limi hapa.

Jana tarehe 10/03/2025, saa 9 alasiri, Frank alimleta Limi kituoni. Nasikia Koplo alimuuliza mirungi aliipata kwa nani, na alikataa kusema. Najua kwa nini. Kwao Limi, binti akiolewa anafundishwa kutomwaibisha mama mkwe. Hata jina langu hajawahi kulitamka, miaka minne hii. Kama sukari imekwisha na mgeni yupo, atasema yeye ndiye aliyeimwaga.

Jana hiyo hiyo majira ya saa 11 jioni nilimletea uji. Askari wa zamu aliniruhusu kuongea naye kwenye nondo. Limi alisema, "Shikamoo mayu," nikaitikia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Rudi nyumbani. Usiseme kitu. Nitawaambia nilinunua kwa mtu nisiyemjua." Nikamwambia watamfunga. Akasema, "Frank anaweza kupata mke mwingine. Mama hapati mwingine." Kanga yake ilikuwa imelowa sehemu mbili kifuani, maziwa yanatoka na hakuna wa kuyanyonya. Nikamuuliza kama yanauma. Akasema, "Yanauma kidogo." Limi akisema kidogo, ujue ni sana.

Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nilipita mwaloni saa 12:30. Kuna wajawazito wawili ambao nimekuwa nikiwapa chai ile. Niliwaita pembeni nikawaeleza alivyonieleza Nelly, kuhusu mpira wa hewa na kuhusu maji. Nelly alikuwa ameniambia kuwa mtu akiacha hata sasa, mtoto anapata nafuu. Mmoja akalia. Mwingine akaniuliza, "Sasa Mama Frank, bila ile chai nitagongaje mawe mpaka saa tisa?" Nimemwambia aende kliniki akamuulize Nelly, na kwamba ugali na maharage atakula kwangu mpaka ajifungue. Sufuria ya majani nimeimwaga, na majani yaliyobaki nimekuja nayo kwenye kikapu, Koplo ameyapokea.

Bado kuna mambo siyajui. Sijui ni kikombe cha ngapi kilichofanya doa la kwanza kwenye kondo lile. Sijui kama Suzana aliusikia moyo wa mama yake ukienda mbio akadhani ndivyo mioyo inavyokwenda. Nelly ameahidi kunitafutia kitabu. Ninachokijua ni hiki: Limi hakutafuna, hakununua, na hakukusudia. Alikunywa alichopewa na mama mkwe wake, kwa heshima, akashukuru kila mara. Majani ni yangu, moto ni wangu, kikombe nilijaza mimi. Kama kuna wa kuulizwa, niulizeni mimi, na yeye mumwache aende akakamue maziwa yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyasikia. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyaelewa, na natia sahihi bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: A. O. Lusasi
Muda wa kumaliza: Saa 5:45 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Koplo Onesmo nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotoka kinywani mwa shahidi. Nilimpa onyo pale ilipobidi, akachagua kuendelea. Baada ya kusomewa aliomba sahihisho moja: sehemu mbili nilizokuwa nimeandika "marehemu kichanga" niweke "Suzana". Nimefanya hivyo.

Saa 6:10 mchana nilimwita mlalamikaji Frank nikamweleza yaliyosemwa na mama yake. Kisha aliomba fomu ya dhamana ya mke wake, akaijaza na kusaini yeye kama mdhamini. Limi binti Maganga ametolewa mahabusu saa 6:50 mchana. Jalada linapelekwa wilayani kwa maelekezo. Anisia binti Otmar anabaki kituoni kwa mahojiano ya tuhuma ya kupatikana na mirungi.

Saa 9:30 alasiri: Limi binti Maganga bado yuko nje ya mlango wa kituo pamoja na mume wake. Nimemweleza mara mbili kwamba yuko huru kwenda nyumbani. Amejibu kuwa anamsubiri mama yake.